Macho Kwenye Sahani ya Mtakatifu Lusia

Nyanjige, mjane wa Ngassa, hakuwa na ugomvi na mtu hadi kanisa lao, pembeni mwa Bariadi, lilipowekewa dirisha la vioo vya rangi. Baada ya hapo majirani walimgeuka, na tuseme wazi: walimgeuka kwa ujinga na kwa tamaa.

Dirisha lenyewe lilikuwa zuri. Mtakatifu Lusia amesimama na joho jekundu, rangi ya damu ya mashahidi. Mkono mmoja ameshika tawi la mtende, alama ya ushindi. Mkono wa pili, sahani yenye macho mawili. Katekista Masele aliwaeleza waumini kwamba binti huyo aling'olewa macho, akauawa kwa ajili ya imani, na wenye maradhi ya macho humwomba awaombee. Nyanjige aliposikia hivyo, akahamia benchi la chini ya dirisha. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Maisha yake yote alipikia miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Na Usukumani kote inajulikana kikongwe mwenye macho mekundu huitwa nani: mchawi.

Akasali. Mvua zikaisha, pamba ikavunwa, macho yakabaki vilevile.

Hapo wifi yake Domitila, aliyekuwa akilimezea mate shamba la marehemu kaka yake, akapata pa kushika. Jumuiya ilipomaliza rozari akasimama, hana hata haya.

"Anakaa chini ya mtakatifu wa macho kila Jumapili, na haponi. Mnataka ushahidi gani tena? Lusia amemkataa. Na yale macho ya kwenye sahani, mnajua kesho yatakuwa ya mtoto wa nani?"

Upuuzi mtupu! Lakini watu waliguna, wakawavuta watoto wao karibu. Masele alieleza upya maana ya sahani. Walimsikiliza kwa adabu, wala hakuna aliyemwamini.

Kesho yake Nyanjige alisema "mwangaluka" kisimani, na hakuna aliyeitikia. Jioni akaja Luhende, mwanawe wa pekee, akasimama nje ya uwanja bila kumwamkia.

"Mayu, Jumapili usiende kanisani. Watakuua. Bora uhame kabisa, shamba tutaliangalia."

"Mtaliangalia wewe na nani?"

Luhende akatazama chini. Nyanjige akaelewa, akatema mate.

Jumapili alikwenda, akakaa palepale. Mabenchi ya jirani yakabaki matupu. Aliwachukia wote, hata yule binti wa kioo, mwenye macho mazima usoni na mengine ya akiba sahanini, ilhali yeye mawili tu yanamuwasha usiku na mchana.

Padri akasema watakiane amani. Hakuna aliyemsogelea. Basi yeye akavuka kanisa zima hadi kwa mwanawe, akanyoosha mkono. Luhende akaficha wa kwake nyuma.

"Macho haya yameharibika nikikupikia wewe," Nyanjige akasema kwa sauti, kwaya nzima ikasikia. "Ulikula, ukashiba, ukakua. Leo ndiyo ya mchawi?"

 Luhende alimvuta binti yake Winnie, akamziba uso kwa kiganja, asitazamane na bibi yake.