Vidonge vya Kupungua, Mwaka Mvua Ilipokatika

Dada yangu alikuwa mnene, na kwetu Ngulyati hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Mahari yake ilijaza zizi la Baba. Mama akienda naye mnadani alitembea polepole kusudi, ili watu wapate muda wa kuona. Mimi nilizaliwa mwembamba, nikataniwa miaka yote kwamba ugali wangu unaliwa na mtu mwingine.

Kisha wanunuzi binafsi wa pamba wakaruhusiwa, na shemeji, mume wa dada, akapata kazi ya ukarani kwa mmoja wao Bariadi mjini. Akawa mtu wa safari za Mwanza. Huko aliona nini sijui. Siku moja, mbele yangu, dada akimtengea maji ya kuoga, shemeji alimwambia amejaa kama gunia la lumbesa la mpunga. Dada alicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijamsamehe yule mtu.

Dada hakukawia kwenda duka la dawa baridi. Maduka hayo yalikuwa yameota kama uyoga, na kila muuzaji alijiita daktari. Alifungiwa vidonge vyeupe kwenye kipande cha gazeti, vidonge visivyo na jina, akaambiwa vinatoka Nairobi. Akapewa na sharti: asinywe maji mengi, eti maji hurudisha mwili.

Vilifanya kazi, siwezi kukataa. Hamu ya kula ilikwisha, na kiu nayo ikakwisha. Alikwenda chooni kila mara, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa. Magauni yakaanza kumning'inia. Mwaka huo mvua za kwanza zilinyesha kidogo zikakatika, likabaki jua tupu, jua la kukausha mate mdomoni. Kila nilipomtembelea nilimsihi anywe maji. Alilowesha midomo tu, akarudisha kikombe.

Miaka ile aliyepungua alikuwa na ugonjwa mmoja tu midomoni mwa watu. Wakanong'ona kwamba amekanyaga miwaya, kwamba ana ukimwi. Shemeji naye, aliyetaka mke mwembamba, akamwogopa kwa wembamba wake, akahamishia godoro chumba cha mbele.

"Waambie ni vidonge," nilimwambia dada.

"Niseme natupa mwili wangu ili mume anitake?" alinijibu. "Heri waseme naumwa."

Nilikasirika sana. Nilimwambia ukaidi wake utamuua, naye akaendelea kuchambua mchele.

Wanawake wa kwetu hulima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na asiyekwenda kwa wenzake halimiwi. Zamu ya Mama ilipofika dada akaja kutoka mjini kusaidia palizi. Nilimkataza, akasema hawezi kumwaibisha Mama. Shambani huja ndoo moja ya maji na kata moja, na kata hiyo hupita mkono kwa mkono kwenye mstari wote, kila mtu akinywa pale aliponywea mwenzake. Jua lilipofika utosini ikapitishwa. Mwanamke aliyekuwa kati ya dada na ndoo alinywa, kisha akanyoosha mkono mbele ya kifua cha dada, akanipa mimi.

Dada aliona. Kila mtu aliona.

Nilimpa ile kata palepale. Aliisukuma taratibu. "Nikinywa, hawatakunywa tena," alisema kwa sauti ya chini, "na kazi ya Mama haijaisha." Akainama, akashika jembe.

Alianguka kabla hajamaliza tuta lake. Wanawake waliacha majembe wakasimama mbali. Mama na mimi tulimburuta mpaka kivulini, tukammwagia maji kichwani. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu, hata tone la jasho hakuna. Tulimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukaenda naye Bariadi.

Hospitalini daktari alimtazama, akatutazama, nikajua naye anawaza yaleyale. Nikamweleza habari za vidonge.

"Dawa za namna hii humaliza maji mwilini, halafu huficha kiu," alisema. "Kwa jua hili alitakiwa anywe hata kama hasikii kiu, na mchana asiguse jembe. Nani alimwambia asinywe?"

Walimtundikia maji, lakini figo zilikuwa zimeshagoma. Alikufa siku chache baadaye.

Msibani, watu wakisubiri maiti ioshwe, nilimsikia mmoja akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilisimama nikawaambia yote, vidonge, gazeti, sharti la maji. Walinisikiliza kwa adabu. "Pole, mayu, pole mama," mmoja alinijibu, kama anavyobembelezwa mtoto. Shemeji alikuwa amekaa karibu, akatazama viatu vyake.

Waoshaji hawakuinuka. Mama alingoja, akaona hakuna anayekuja, akanishika mkono tukaingia ndani wawili.

Zamani kumgeuza dada kitandani akiwa na homa kulihitaji watu watatu. Mama alipitisha mkono mmoja chini ya mgongo, mwingine chini ya magoti, akamnyanyua peke yake. Mama alikuwa mzee, na alimnyanyua bila kuguna.

"Hana uzito," alisema. "Mwanangu hana uzito kabisa."

Nilimwambia amlaze ili tumwoshe. Hakunisikia. Aliendelea kusimama naye vile, amempakata.