Marehemu Anywa Supu

Mjini Padova, karibu kila mwandishi wa mikataba alikuwa pia mshairi, na kila mshairi alikuwa na mwanamke wa kumkataa, na Lazzaro Trapolin hakutaka kuachwa nyuma. Alimchagua Orsola, mjane wa mtaa wake, akawa anamtungia soneti, mashairi ya mistari kumi na minne, akimwita leo barafu, kesho jiwe, keshokutwa muuaji. Orsola hakujibu. Hakuna hata moja iliyomuuliza kitu.

Alichokitaka Lazzaro hasa ni kiti katika baraza la washairi. Alvise, mkuu wa baraza, hakumficha kilichopungua.

"Nusu ya kwanza ya diwani yako safi, ndugu yangu. Umekataliwa vizuri. Lakini wenzako wapenzi wao wamekufa. Nusu yako ya pili haina maiti."

"Ana afya mno yule."

"Basi pole."

Vuli ile Orsola akashikwa na homa kali. Lazzaro hakwenda kumjulia hali, alijifungia akiomboleza. Katika soneti hizi mpya barafu iliyeyuka. Marehemu alishuka kutoka mbinguni, akaketi kitandani pake, akamfuta machozi na kukiri kwamba alimpenda siku zote. Hai, alikuwa katili. Mfu, hakumkatalia lolote. Baraza lilisikiliza, likalia, likamwahidi kiti.

Kabla hajakikalia, Menega, mtumishi wa Orsola, akabisha hodi.

"Bibi kapona. Leo kanywa supu ya kuku, kaomba na mkate. Sokoni lakini watu wananipa pole. Nani kamzika?"

Lazzaro alikaa chini.

"Haya, yaishe. Bibi anauliza kama una nia kweli. Ukitaka ndoa, njoo Jumapili uongee na kaka yake."

"Amekubali?"

"Kakubali. Mbona umepauka, bwana, kama uliyefiwa?"

"Mwambie sistahili."

"Hilo analijua. Anauliza kama unakuja."

Hakwenda. Ndoa ingemharibia nusu zote mbili.

Baada ya Pasaka Orsola aliolewa na Tiso, mwuza dawa asiyejua vina, ambaye wakati wa homa alimletea dawa na kungoja mpaka ainywe. Lazzaro alialikwa, akamkumbatia bwana harusi kwa shukrani iliyomshangaza. Baraza lilikuwa limeamua: kufiwa kumezoeleka, bali kunyang'anywa na mwuza dawa ni msiba mpya, na mwenye nao anastahili kiti cha mbele.

Bata alipoletwa mezani, Lazzaro alikuwa pembeni, ameinamia karatasi.

"Anafanya nini yule?" Tiso aliuliza.

"Keshaanza kuniua tena," alisema Orsola. "Nipe paja."