Ushauri wa Mwalimu wa Visu

Seif wa Tanga aliwakatia watu nyama buchani mchana kutwa, na saa zilizobaki alizitoa kwa visu vyake mwenyewe. Visu vya bucha, vile vya mipini ya plastiki ya manjano, alivithamini kama mtu anavyothamini ndoo. Vyake vilikaa nyumbani Joubert Park, kwenye droo ya kabati la chumbani, kila kimoja kimeviringishwa katika flana iliyoguswa mafuta: visu vya kukunja vya Kimarekani, vya zamani, vyenye mipini ya mfupa na ya pembe ya kulungu, na vichache vya kuwindia. Vilikuja Johannesburg na wahandisi wa migodi, wenyewe wakafa, vikaishia kwenye masanduku ya vikorokoro sokoni. Hakuna hata kimoja kilichowahi kukata nyanya tangu kifike mikononi mwa Seif.

Jumapili alishinda Jeppestown, kwenye soko la vitu vya mitumba linalopangwa chini nje ya karakana. Hapo ndipo alipokuwa mtu. Watu walimletea visu walivyookota au kununua, naye alivigeuza kwenye mwanga, akasoma mhuri wa kiwanda penye shina la bapa, kisha akatoa hukumu: hiki ni cha kweli, hiki kimebadilishwa mpini, hiki usikiuze. Walimwita Mwalimu. Hata Ignace, Mkongo wa Bukavu aliyeuza vyuma vya kale karibu na lango na ambaye hakuwa mtu wa kumsifu mtu, hakufunga bei ya kisu kabla Mwalimu hajakitazama. Jina lile Seif alilipenda kuliko visu vyenyewe, ingawa asingelikiri hata angeapishwa.

Burhani alikuwa mwanafunzi wake. Huyu alikuwa Mzanzibari mdogo kwake kwa miaka mingi, fundi wa mapaa, mcheshi, asiyejua kununua. Kila Jumapili alileta kisu kibovu, akachekwa, naye akacheka na waliomcheka. Seif alimpenda kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi ambaye hatapita darasa.

Sasa, kule mtaa wa Observatory alikuwako bibi mmoja mjane wa Kizungu, mteja wa zamani wa bucha. Marehemu mumewe alimwachia kisu cha kuwindia cha kiwanda cha Marble's, cha Michigan huko Marekani, mpini wake umepangwa kwa vipande vya ngozi vilivyobanwa pamoja, bapa limekuwa jeusi kwa uzee kama wingu la mvua, mhuri wake unasomeka herufi kwa herufi. Seif alikiona mara moja na hakupona. Kwa miaka alimpelekea bibi yule nyama mwenyewe, akipanda kilima kwa miguu, na kila mara aliomba kukitazama. Kila mara aliuliza, kwa adabu, kama umefika wakati wa kukiuza. Bibi alitabasamu na kusema bado.

Paa la bibi likavuja. Burhani akaitwa, akaliziba, na alipoona mfereji wa maji umelegea akaukaza bila kuambiwa, kisha akakaa kunywa chai na kusikiliza habari za marehemu. Kisu hakukiulizia, hakujua kama kipo. Bibi alipokuwa akifungasha kuhamia kwa mwanawe Cape Town, alimwita Burhani akampa kisu kile.

Burhani alikileta Joubert Park siku ileile, nayo ilikuwa Jumamosi, kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka mezani kwa Seif kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani. Alisimulia yote, hakuficha hata chai. Seif alikitambua kabla gazeti halijafunguka lote. Si kwamba bibi alikuwa amekataa kukitoa. Alikuwa amekataa kumpa yeye. Nyama zote zile, kilima kile chote, na huyu amekipata kwa kukaza mfereji.

"Mwalimu, mimi sijui kitu," Burhani alisema. "Niambie nikifanyeje, nisije nikakiharibu."

Palikuwa na jibu moja tu la kweli, na Seif alikuwa amelitoa sokoni mara nyingi mpaka watu walilikariri: kisu cha zamani usikiguse. Kifute vumbi, kipake mafuta kidogo, basi. Weusi ule ndio umri wake. Ukiuondoa umeondoa kila kitu. Lakini Burhani alikuwa mtu wa kucheka, hakukariri.

"Kimechafuka sana hiki, mdogo wangu," Seif alisema, na sauti yake ilitoka laini kuliko alivyotazamia. "Kipeleke Jeppestown, kwa wale jamaa wa grenda, ile mashine ya kusugulia vyuma. Waambie wakisugue mpaka uone meno yako ndani yake."

Burhani alimshukuru, akamwombea dua, akatoka.

Biubwa, mkewe Seif, alikuwa jikoni, na jiko la gorofa zile halina ukuta wa kuficha maneno. Alikuja akakaa pale alipokuwa amekaa mgeni.

"Baba Nusaiba, wewe visu vyako huvisugui hata kwa kitambaa kikavu. Mbona mwenzio umempeleka kwenye grenda?"

Seif akasema visu vya kuwindia vina namna yake.

"Mpigie simu. Hata kituoni hajafika."

Alichukua simu. Akalitafuta jina, akalipata, akalitazama. Akajiambia kwamba Burhani ni mvivu, huenda asiende. Kwamba mafundi wale Jumamosi hufunga mapema. Kwamba mtu mzima hufuata akili yake. Kisha akailaza simu kifudifudi juu ya meza. Mtu huweza kutenda baya kwa hasira, ulimi ukamtangulia, na watu wakamsamehe. Seif alikuwa na mchana mzima na simu yenye salio. Asingizie kitu gani?

Jumapili Burhani alifika sokoni akiwa amevaa shati la kutokea. Alikichomoa kisu mbele ya watu, kikameremeta kama kijiko cha harusi. Bapa lilikuwa limeliwa na mashine mpaka limekuwa jembamba, na pale penye mhuri palikuwa peupe kabisa.

Ignace alikichukua. Akapitisha kidole gumba pale mhuri ulipokuwa, akarudia, kama mtu anayepapasa jino lililong'oka. Waliokuwa karibu waliacha mazungumzo yao.

"Eish. Vraiment, kweli, ni nani alikuambiaka ufanye hivi?"

"Mwalimu mwenyewe," Burhani alisema, bado akitabasamu. "Ndiye aliyenielekeza."

Nyuso zote zikamgeukia Seif. Akaona milango miwili tu ya kutokea, na hakuna wa tatu. Ama aseme alijua, na hapo yeye ni hasidi. Ama aseme hakujua, na hapo yeye si mwalimu wa kitu chochote. Aliyepanda wivu huvuna mbele za watu, wala hachagui siku.

"Sikujua," Seif alisema. "Vya kuwindia sikuvishika sana."

Ignace alimrudishia Burhani kisu. "Papa Seif," alisema, bila kupandisha sauti, "hata mimi, ni wewe ulinifundisha nisiviguse."

Burhani, ambaye alikuwa ameanza kuelewa kwamba kisu chake kimekufa lakini si namna kilivyouawa, aliingia katikati. Alisema jamani mtu husahau, mwalimu naye ni binadamu, na kisu bado kina makali, kitachinja mbuzi wa Idi. Akakirudisha kwenye ala yake. Baadhi walicheka naye, Ignace hakucheka.

Toka siku hiyo visu vikawa vinapelekwa langoni, kwa Ignace. Hakuna aliyetangaza wala aliyegombana na Seif. Walimsalimia vizuri, wakamuuliza hali ya nyumbani, wakampita. Jina la Mwalimu lilikoma bila mtu kulifuta. Hata droo yake nyumbani alianza kuifungua mara chache, kwa kuwa Biubwa, ambaye hakulisema tena jambo lile, alikuwa akitoka chumbani kila alipoifungua.

Aliyebaki naye ni Burhani. Alimwonea huruma. Alikwenda kwa Ignace, akauliza, akasoma kwenye simu yake, akakariri kweli safari hii. Jumapili moja akaja na chai katika chupa, akaketi karibu na Seif juu ya kreti, akammiminia.

"Kaka Seif, usiudhike nikikwambia jambo," alisema. "Ukipata kisu cha zamani, usikipeleke kwenye grenda. Ule weusi ndio umri wake. Unafuta vumbi, unapaka mafuta kidogo, basi. Wengi hawajui hili."

Seif alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ahsante, mdogo wangu. Nimejifunza."

Naye Burhani, kwa moyo safi kabisa, akaanza kumweleza tena tangu mwanzo, polepole, asije akasahau.