Wimbo wa Masele

Sostenes Luhende ni fundi mabuti. Hashoni viatu vya ofisini wala kandambili. Yeye huziba mabuti ya mpira ya wachimbaji, yale yanayotobolewa na mawe hata kabla ya mwezi kuisha. Kibanda chake kipo Kalangalala, mjini Geita, na mteja akimkuta amenyamaza basi ajue gundi haijashika. Siku nyingine zote huongea. Ni Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na ujanani alikuwa mwimbaji wa bendi moja ya Kahama ambayo siku hizi inakumbukwa na wazee watatu, mmoja wao hasikii vizuri.

Bendi ilipokufa alifanya kama walivyofanya wenzake, akashika sululu. Alikwenda machimboni pamoja na Masele, mpiga tumba wa bendi ile ile, Msukuma wa Tinde, mtu mfupi mwenye utani mwingi. Siku moja ya Agosti mwaka 1998 walikuwa wawili chini ya duara, yaani lile shimo lao la kuchimbia, Masele akamwambia mwenzake apande akalete maji. Sostenes akapanda. Hata pipa la maji hajalifikia, duara likajifunga nyuma yake. Watu walifukua siku nne. Siku ya tano udongo ukaanza kuwatishia waokoaji wenyewe, wakaacha, na Masele yuko huko mpaka leo.

Mwaka uliofuata bendi ilikusanyika mara moja ya mwisho, ikarekodi redioni wimbo alioutunga Sostenes. Kiitikio chake kilikuwa hiki: Masele, kumekucha, wenzako wamerudi. Hakuna aliyeusikia mara ya kwanza akabaki na macho makavu. Mjane, Mariana, ambaye watu humwita Mama Limi, hakuwa na kaburi la kupalilia wala msalaba wa kupaka chokaa, kwa hiyo aliufanya wimbo ule ndio kaburi. Kila mwaka, tarehe ile ile, hupeleka salamu redioni na kuuomba. Siku hiyo ndugu hukusanyika kwake Tinde, hula, husubiri kipindi cha salamu, wimbo ukapigwa, wakalia kidogo wakatawanyika. Na huko Geita Sostenes huweka gundi chini akasikiliza hadi mwisho. Mambo yakaenda hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Ndipo akaja Eunice kutoka Dar es Salaam. Alimwamkia mzee kwa adabu, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa gunia bila kuipangusa, akaeleza shida yake. Kulikuwa na tamthilia ya televisheni inaitwa Vumbi la Ukumbi, inahusu familia ya wanamuziki, na kila sehemu waigizaji waliimba upya nyimbo za zamani za dansi. Sasa nyimbo hizo zinakusanywa kuwa albamu, na wenzake wameupata wimbo wake kwenye kanda ya mtu mmoja wakaupenda. Alimsomea mkataba wote kwa Kiswahili, neno kwa neno, asije mtu akasema mzee alidanganywa. Hakudanganywa. Badiliko lilikuwa moja tu: kwenye tamthilia msichana anauimba mlangoni kwa mchumba wake aliyechelewa kuamka, na mchumba huyo anaitwa Rahimu.

"Huyu Masele ni nani kwenu, mzee?" Eunice akauliza. "Nisije nikafuta jina la mtu."

Swali jema kuliko hilo hakuwahi kuulizwa maishani mwake, nalo alikuwa na jibu lake. Lakini Sostenes aliona mbele yake: akisema ni marehemu, tena marehemu asiyezikwa, binti huyu atashika mdomo, atampa pole, atafunga mkoba wake na kwenda kutafuta wimbo kwa mtunzi mwingine. Nani anataka maiti kwenye hadithi ya uchumba? Na yeye alikuwa na njaa. Si njaa ya ugali. Ile njaa ya mtu aliyewahi kupigiwa makofi, kisha akakaa miaka mingi akinusa gundi.

"Ni jina tu la kwenye wimbo, mwanangu," akasema.

Petro alikana mara tatu na jogoo akawika. Sostenes alikana mara moja, mchana kweupe, na hakuna aliyewika. Asiyekuwepo na lake halipo, na Masele hakuwepo. Baada ya kutia sahihi alijituliza kwamba kanda ya zamani bado ipo redioni, haijaguswa, na Mariana atausikia wimbo wake kila Agosti kama kawaida. Kwa sababu hiyo hakuona haja ya kumwambia.

Albamu ilipotoka ilikuwa na nyimbo kumi na mbili, wake ukiwa wa saba, na jina lake lilikuwepo kama mtunzi, kwa herufi ndogo lakini lilikuwepo. Tuseme kweli, wimbo ulikuwa mtamu. Yule binti alikuwa na sauti, vinanda vilipangwa vizuri, na pale palipokuwa na kilio sasa palikuwa na deko. Haukupita mwezi ukawa unapigwa kwenye baa zote za Kalangalala, kwenye bodaboda, kwenye saluni. Jenifa, binti yake, alimwekea kwenye simu, naye akawa anaufuatisha kutwa nzima huku anakwangua mpira. Wachimbaji wakamwita Mzee Rahimu. Mara ya kwanza alinuna kidogo. Baadaye akawa anaitika.

Agosti ikafika. Mtangazaji akasoma salamu za Mama Limi wa Tinde kwa sauti ya heshima, kama kila mwaka, akasema anaomba wimbo wa Masele kwa kumkumbuka mumewe. Kisha vikaanza vinanda. Huenda kanda ya zamani ilikuwa imeshachakaa. Huenda mtangazaji alikuwa kijana na huo ndio wimbo aliokuwa anaujua. Sostenes alibaki na buti mkononi, gundi ikamkaukia vidoleni, na kwa mara ya kwanza akausikia ule wimbo kwa masikio ya Mariana. Aibu ilimshika hata akashindwa kuinua uso kwa mteja aliyekuwa mbele yake. Alfajiri ya kesho yake alikuwa stendi, na kabla jua halijapinda alishuka Tinde.

Alimkuta Mariana uani anakata viazi vya michembe, na vipande vimeshatandazwa juani kwenye jamvi. Akamwamkia, "Mwangaluka, shemeji." Mariana alimwitikia vizuri, akamsogezea kigoda, na ule wema ndio uliomtisha. Akamsimulia mwenyewe yaliyotokea jana: watu walikuwa wameshakula, redio imewekwa katikati, wimbo ukaanza na wajukuu wakasimama kucheza. Wanaujua wote, wameujifunza kwenye televisheni ya jirani. Hakuwakataza, maana angewaambia nini.

"Huyo Rahimu ni nani?" akauliza.

"Ni mtu wa kwenye tamthilia."

"Naye amekufa?"

"Hapana, shemeji. Anaoa."

Mariana akakata viazi viwili vingine. Sostenes akamweleza yote, hata lile swali la Eunice, hata jibu alilolitoa, ambalo alikuwa hajamwambia mtu, si mkewe wala padri. Alitegemea matusi, na moyoni aliyataka. Mariana hakutukana. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwenye wimbo yupo na mdomo anao. Aimbe hapa hapa, watoto wasikie jina la babu yao kwa mtu aliyemwona. Akawaita wajukuu, Ngassa na mdogo wake, wakaja wakakaa chini, wakatulia.

Sostenes aliimba bila gitaa. Sauti ilikuwa imechakaa lakini ilimtii. Alipita ubeti wa kwanza, akapita wa pili, ule wa kitanda kilichopoa upande mmoja, na Mariana akaacha kukata viazi. Akafumba macho aingie kwenye kiitikio.

"Rahimu, kumekucha..."

"Wenzako wamerudi!" watoto wakaitikia, wakipiga makofi.

Alilisikia jina lilipokwisha kutoka. Akafumbua macho, akajaribu kuanza upya, akashindwa. Mwishowe alisema tu, "Masele," pasipo sauti ya wimbo, kama mtu anayejibu orodha ya majina shuleni. Watoto wakamtazama bibi yao wajue kama wacheke.

Mariana akawatuma kwa jirani.

"Mwaka ule wimbo ulipotoka, wazee wa ukoo waliniambia tukate mgomba, tuuzike badala ya mwili wake, nipate mahali pa kwenda kulia," akasema. "Nikawakatalia. Nikawaambia mimi nina wimbo."

Akainuka, akachukua panga, akaenda nyuma ya bafu ambako mgomba pekee wa ile nyumba ulikuwa ukinywa maji ya kuogea. Akarudi anaburura shina, akalilaza kivulini, akalifunika kwa khanga yake. Kisha akaleta jembe, akamkabidhi Sostenes mwenyewe, akamwonyesha mahali kando ya ua.

Ardhi ya Tinde mwezi Agosti haina huruma kwa jembe. Alichimba hadi fulana ikalowa, hadi shimo likamfika kiunoni, na hapo pumzi ikaanza kumtoka vibaya, kwa sababu tangu siku ile Masele alipomtuma maji alikuwa hajaingia tena ndani ya udongo. Akainama akaendelea kuchimba, na Mariana amesimama ukingoni anamtazama.

"Basi, shemeji, toka," Mariana akasema. "Usiende chini sana. Amekaa chini vya kutosha."

Akamnyooshea mkono amvute juu.