Orodha Iliyopitiwa Mara Moja

Muuguzi wetu wa zamani tulimbandika jina la Hesabu, kwa sababu hakugawa hata kidonge kimoja bila kuhesabu kwanza. Alipojifunza kuandika programu za kompyuta akiwa na miaka arobaini na mbili, alihamia kwenye kompyuta za zahanati na tabia hiyo hiyo. Mimi ni mtunza kumbukumbu wa zahanati, meza yangu iko jirani na yake, na kumtania ilikuwa kazi yangu ya pili.

Asubuhi moja tuligundua kuwa friji ya chanjo ilikuwa imezimika siku tatu. Watoto sitini na wanne walikuwa wamechanjwa dawa iliyoharibika, na surua imeshaingia mtaani. Hesabu aliwasha programu aliyoiandika mwenyewe miezi miwili nyuma, ihesabu wazazi kisha imtumie kila mmoja ujumbe wa kumrudisha mtoto. Skrini ikaandika: wazazi 64, kazi imekamilika.

Roho yake haikutulia. Mtoto wa mdogo wake alikuwa kwenye orodha ile, basi akampigia mdogo wake simu.

"Umepata ujumbe wetu?"

"Ujumbe gani, dada?"

Nikamwambia pengine ni mtandao tu, akatikisa kichwa, akarudi kwenye maandishi ya programu yake.

Alinieleza huku akiandika. Orodha yake ilikuwa na njia mbili maalumu, yaani vipande vya maelekezo ambavyo yeye huviandika lakini kompyuta ndiyo huviita vifanye kazi: moja hutoa kitu kama kidole cha kufuatia majina, nyingine hukisogeza kwa anayefuata, hadi iseme wamekwisha. Kwa haraka zake aliipa orodha nzima kidole kimoja tu. Kuhesabu kukakifikisha chini, kikabaki huko huko. Zamu ya kutuma ilipouliza anayefuata ni nani, ikajibiwa wamekwisha. Kompyuta haikuona kosa lolote.

Akarekebisha ili kila zamu ipewe kidole kipya. Ujumbe ukatoka, na simu ya mapokezi ikaanza kuita mfululizo. Nikapumua, nikamwambia ajali haina kinga, na sasa jambo limepita.

"Halijapita," alisema. Alikuwa ameshafungua faili la mwezi uliotangulia: wajawazito thelathini na mmoja walioitwa kurudia kipimo cha damu, kwa programu ile ile. "Hebu angalia, wamerudi wangapi?"

Nilipekua daftari la mapokezi. Hakuna aliyerudi hata mmoja. Na mwezi mzima tulikuwa tukiwaita wakaidi.