Nesi Asiyepokea Ndiyo

Nesi wa zahanati hapokei "ndiyo" ya mtu. Akishakueleza ugonjwa wako, anachomeka kalamu kwenye nywele, anafumbata mikono mapajani na kusema taratibu, "Haya, baba, sasa nieleze wewe." Kisha anangoja, hata benchi lote likohoe. Mara ya kwanza Antipasi aliiogopa mno zamu yake ya kueleza, hata maelezo yenyewe hakuyasikia. Akasingizia ng'ombe wamebaki peke yao, akaondoka na vidonge vya shinikizo la damu asilojua maana yake. Kichwa kilipoacha kuuma akaacha vidonge, kama anavyoacha kumchoma sindano ng'ombe aliyerudia majani.

Leo ameletwa kwa baiskeli, macho yanamwonyesha nesi yuleyule kuwa wawili, na wote wamefumbata mikono.

"Nesi, sikuelewa," akanong'ona.

"Damu inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, kichwa kiume kisiume. Kwa hiyo vidonge ni kila siku." Kalamu ikarudi kwenye nywele. "Haya, baba."

Antipasi akaanza kueleza kwa sauti ya chini.

"Paza sauti nami nisikie, mwanangu," bibi mmoja akasema benchini. "Mimi nilimwambia nimeelewa, nikakimbia kabla hajafumbata mikono."