Huo Mfupa ni wa Bawa, Bwana!

Jamani, leo nimembishia Mjerumani!

Tangu vita vya Maji Maji, nani huku anathubutu?

Mchoraji wao hapa Tendaguru alikuwa anamchora mnyama wa kale tuliyemfukua. Ule mfupa mwembamba, nilioutoa ardhini kwa mikono yangu, kaufanya mguu.

Nikasema, "Bwana, huo ni wa bawa."

Akacheka. "Kazi yako kuchimba."

Wenzangu wakainamisha vichwa. Kiboko kilikuwa mezani, ati!

Nikamwonyesha pale ulipovunjika: ndani mtupu, kama mfupa wa ndege.

Akauchungulia. Akafuta mguu, akachora bawa.

Basi nami nikachukua kalamu, nikaandika jina langu pembeni, kwa herufi za Kiarabu.

"Futa!"

Sikufuta.

Akanitazama, akautazama mchoro, akautia sandukuni. Wapagazi wameshaondoka nao kwenda bandarini Lindi, upelekwe Ujerumani.

Nyie mngefuta?